Ramani ya mkakati wa moto kichaa si ramani ya mahali moto ulipo

Kiangazi kikikolea huku Dodoma, nyasi zikishakauka hadi shinani, kuna maneno ambayo hurudi kwenye vikao kila mwaka: "ramani ya mkakati wa muda mrefu wa kukabiliana na tukio la moto". Safari hii nimeyasikia kwenye kikao cha wilaya moja nisiyoitaja. Ukutani ilibandikwa ramani ya wilaya nzima, imechapishwa kwa rangi, imejaa nukta nyekundu za moto ulioonekana na setilaiti. Mtaalamu akaieleza vizuri, swali likawa moja tu, na muhtasari ukaandikwa kwamba ramani ya mkakati ipo. Kilichokuwepo ni kitu kingine kabisa, na moto ukiwaka kweli watu watakimbilia ramani hiyo wakidhani ina majibu.

Maana yenyewe ni fupi. Ni ramani ya tukio moja la moto ambalo halitazimwa leo wala kesho. Inaonyesha kinacholindwa ni nini, moto unaweza kufika wapi kabla ya mvua, ni sehemu zipi za ardhi zinatupa nafasi ya kweli ya kuuzuia, na hatua gani itachukuliwa moto ukifika mahali fulani, na nani, na kwa muda gani. Hilo la mwisho ndilo linaloibeba. Ukiliondoa, unabaki na ramani nzuri ya mazingira.

Nianze na "muda mrefu", maana hapa watu wengi huteleza mapema. Wengi wakisikia muda mrefu wanafikiria miaka mitano, bajeti, semina za elimu kwa umma, miche ya kupanda. Hayo yana mahali pake, kwenye mpango wa usimamizi wa moto wa wilaya au wa hifadhi. Katika tukio la moto, muda mrefu ni kuanzia leo hadi siku ambayo hali ya hewa yenyewe itaumaliza msimu. Mwaka 1988, katika hifadhi ya Yellowstone kule Marekani, mioto iliyoanza mapema majira ya joto iliunguza hekta zipatazo 320,000, zaidi ya theluthi moja ya hifadhi. Maelfu ya wazimamoto walipelekwa, na ndege, na mamilioni ya dola. Kilichouvunja nguvu moto ule ni theluji iliyoanguka tarehe 11 Septemba. Sisi hatuna theluji, tuna mvua za mwishoni mwa Novemba au Desemba. Kwa hiyo moto ulioshika milima ya Mpwapwa mwanzoni mwa Septemba una wiki kumi au zaidi za nyasi kavu na upepo mbele yake. Ramani inayoishia kesho kutwa haijagusa muda mrefu hata kidogo, na inayozungumzia mwaka 2030 imeuruka moto wenyewe.

Hata nchini mwetu tumeshaona moto unavyoweza kukaa. Ule wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020 ulianza tarehe 11 eneo la Whona, kwenye njia ya Marangu, ukaendelea kwa zaidi ya wiki na kuunguza takriban kilomita za mraba 95. Moto wa namna hiyo ukishapita siku ya pili, swali la "uko wapi" halitoshi tena. Linalotakiwa ni utakuwa wapi Jumamosi, na Jumamosi hiyo tunataka tuwe tumeshafanya nini.

Sasa nukta nyekundu. Sina ugomvi nazo, ni msaada mkubwa, lakini lazima mtu ajue anaangalia nini. Setilaiti za Terra na Aqua hupita juu yetu mara chache kwa siku, na nukta moja kutoka kwenye vifaa vyake ni katikati ya mraba wenye upande wa kilomita moja hivi. Vifaa vipya zaidi vimepunguza mraba huo hadi mita 375. Moto wenyewe unaweza kuwa popote ndani ya mraba, tena mdogo kuliko mraba. Moto wa nyasi uliowaka na kwisha kati ya mpito mmoja na mwingine hauonekani kabisa. Mkulima wa Bahi anayechoma mabua ya shamba lake halali naye huonekana, nukta yake nyekundu sawa na ya msitu unaoteketea. Hiyo ni ramani ya hali, ya saa setilaiti ilipopita. Kipimajoto kinakwambia mgonjwa ana homa, hakijakuandikia dozi.

Kuna ya pili inayochanganywa nayo, ile inayochorwa moto ukishakwisha, eneo lililoungua likitiwa rangi nyeusi au kahawia. Hiyo ni ya tathmini. Inafaa kwa taarifa na kwa kujua pa kupanda upya, nayo iishie hapo.

Ramani ya mkakati huanzia mahali tofauti: kwenye mistari ya ardhi isiyowaka. Watu wa Dodoma na Singida wanaijua mistari hii kuliko mtaalamu yeyote anayetoka nje, na inasikitisha kwamba ndio huulizwa mwisho. Korongo pana la mchanga ni kizuizi kizuri, isipokuwa pale matete yalipoota kingo zote mbili, maana moto huvuka hapo kama hakuna korongo. Reli na barabara kuu ni vizuizi iwapo pembezoni zimefyekwa. Vichaka vya Itigi, kule Manyoni, moto hauingii ndani kirahisi kwa sababu chini hakuna nyasi nyingi za kuushika. Unakula ukingo na kuchoka. Na kuna kizuizi ambacho sijakiona kwenye ramani yoyote rasmi: ardhi iliyoliwa na mifugo kuzunguka kijiji. Mwezi wa tisa, nusu saa ya kutembea kutoka zizini, ng'ombe na mbuzi wameshakula kila kitu, ardhi ni nyekundu tupu na moto hauna cha kushika. Shamba la mtama lenye mabua yamesimama ni hatari, lililochungiwa ni ngome. Mtaalamu aliye ofisini haoni tofauti hiyo, mchungaji wa miaka kumi na mitano anaiona.

Mistari hiyo ikiunganishwa inagawa ardhi kuwa vipande, na huko Marekani wazimamoto wa misitu hufanya kazi hiyo kabla ya msimu, moto ukiwa haujawaka. Kila kipande kinajadiliwa: moto ukianzia humu, tuufuate ndani au tuungoje kwenye ukingo wake? Kipande chenye chanzo cha maji cha kijiji na mizinga ya nyuki hakijibiwi sawa na kipande cha pori ambalo lingechomwa mapema mwezi wa sita kwa utaratibu. Hapa ndipo mkakati unapoachana na mbinu. Kuamua kwamba moto uachwe ushuke hadi korongoni ni mkakati. Matawi mabichi, pampu za mgongoni, majembe, kuchoma kinyume kutoka ukingo wa korongo, yaani kuwasha moto wa makusudi uule majani kabla moto mkubwa haujafika, hizo ni mbinu.

Swali lile moja la kikaoni liliulizwa na mzee wa Kigogo aliyekaa nyuma, ameshika fimbo katikati ya magoti. Alimwambia mtaalamu: "Mwanangu, hizo nukta zikifika kisimani kwetu, sisi tunatolewa na nani, na saa ngapi?" Aliambiwa suala hilo litashughulikiwa na kamati. Lakini swali hilo ndilo ramani ya mkakati yenyewe. Jibu lake huchorwa kama mstari, na ubavuni mwa mstari huandikwa sentensi: moto ukifika hapa, tunafanya hivi. Wazimamoto wa Marekani huandika kila alama ya aina hiyo pamoja na sharti lake, hatua itakayochukuliwa, na watu na vifaa vinavyohitajika. Alama isiyo na hayo haijakamilika.

Mstari huo hauwekwi popote tu, na wengi hawafiki hapa. Unahesabiwa kurudi nyuma kutoka kwenye kitu kinacholindwa. Tuseme kijiji kiko chini ya mlima upande wa magharibi, na moto uko mgongoni, kilomita sita kutoka nyumba ya kwanza. Upepo wetu wa kiangazi hutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo unasukuma kuelekea kijijini. Kati ya korongo na barabara kuna pengo la kilomita tatu lazima lisafishwe, na kwa mgambo na wanakijiji waliopo kazi hiyo ni ya siku mbili. Tuseme tena kwamba moto, ukishuka polepole usiku na kukimbia na upepo wa mchana, unaweza kwenda kilomita nne kwa siku. Siku mbili ni kilomita nane. Kilomita nane kutoka kijijini ni nyuma ya moto ulipo sasa, maana wenyewe umeshabakiza sita. Maana yake mstari wa kuanza kazi ile umeshapitwa, na anayesisitiza pengo lisafishwe anawapeleka watu kukutana na moto wakiwa na mapanga mkononi. Ramani imetueleza mapema kwamba tuchague kizuizi kingine karibu na kijiji, ile ardhi iliyoliwa na mifugo, na kwamba wazee, wagonjwa na watoto waondoke leo mchana. Nukta nyekundu peke yake haiwezi kukwambia hivyo, hata ikiwa sahihi kwa mita.

Hesabu hiyo hubadilika na ardhi. Moto unaopanda mlima hukimbia; kanuni inayotumiwa na wazimamoto ni kwamba kasi huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi kumi za mwinuko. Unaoshuka ni mpole zaidi, ila gogo linalofuka likiporomoka hubeba moto hadi chini na kuanzisha mwingine nyuma ya watu. Kwa hiyo mteremko wenye magogo hupewa mstari wa mbali zaidi.

Kuhusu nani aichore, nina msimamo. Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 inazungumzia moto, Wakala wa Huduma za Misitu una wataalamu, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina namba 114 ambayo kila kaya inapaswa kuijua. Wote wawepo. Lakini mistari ichorwe na mtendaji wa kijiji, kamati ya mazingira, warina asali, wachungaji, na akina mama wanaokwenda kuni, kwa sababu wao ndio wanajua korongo lipi lina matete na njia ipi haipitiki kwa mkokoteni. Mrina asali ataonyesha mizinga ilipo, mfugaji ataonyesha majani ya akiba anayoyategemea mpaka Desemba, yale ambayo mtu wa nje angeyachoma kinyume bila kujua amechoma chakula cha ng'ombe mia. Na ichorwe mapema, mwezi wa tano au wa sita, watu wakiwa hawana moshi machoni.

Kwa hiyo ukikabidhiwa ramani na kuambiwa ni ya mkakati, itafute sentensi inayoanza na "moto ukifika". Ukiikuta, na ina jina la mtu na muda wa kazi, unayo ramani ya mkakati, hata kama imechorwa kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi ya daftari. Usipoikuta, iite ramani ya hali ya moto na uitumie hivyo, maana nayo inahitajika. Kisha mwombe kwa upole aliyekukabidhi aongeze mstari mmoja wa kuanzia, ule ulio karibu zaidi na nyumba za watu.