Serifu finyu ya vichwa vya habari ni fonti ya namna gani?

Serifu ni vile vistari vidogo vinavyomalizia ncha za herufi, kama unavyoviona kwenye Times New Roman. Arial haina. Sasa chukua fonti yenye serifu, herufi zake zichorwe upya ziwe finyu na ndefu, tena ziandaliwe kwa maandishi makubwa tu: kichwa cha habari, jalada, jina la mkahawa ukutani. Hiyo ndiyo fonti tunayoizungumzia.

Nyingi kati ya fonti hizi huonyesha tofauti kubwa baina ya mistari minene na myembamba, mtindo uliovuma mwishoni mwa karne ya 18 kupitia mchapaji Bodoni kule Parma, Italia, na akina Didot, familia ya wachapaji jijini Paris. Ufinyu ulishika kasi karne iliyofuata, matangazo ya biashara yalipoongezeka na kila mchapaji akataka maneno marefu yaenee kwenye karatasi moja.

Na kwa maneno marefu, nani atushinde? Kitenzi chetu kimoja hubeba sentensi nzima. "Hawatawasubiri" ni herufi 14 zisizo na pengo hata moja la kukatia mstari. Mhariri wa gazeti Nairobi mwenye safu nyembamba ama apunguze ukubwa wa herufi, ama alikate neno kwa kistari, ama atumie herufi finyu. Hili la tatu ndilo linalokiacha kichwa kikiwa kikubwa na chenye sauti.

Ila kuna mtego. M na w ni herufi pana, nasi tumejaaliwa nazo tele. Fonti iliyochorwa ovyo huzigeuza madoa meusi. Kwa hiyo kabla ya kuichagua, usitazame alfabeti ya mfano. Andika "Wamewakumbuka" uone.

Kuifinya mwenyewe kwenye kompyuta si njia, ingawa mabango mengi ya mjini yametengenezwa hivyo. Ukiibana fonti ya kawaida kutoka pembeni, mistari ya wima hukonda ilhali ya mlalo hubaki na unene wake, na herufi nzima huonekana mgonjwa. Afadhali Instrument Serif, iliyochorwa finyu tangu mwanzo na inayopatikana bure Google Fonts. Ina uzito mmoja tu, yaani unene mmoja wa mistari, pamoja na italiki yake, herufi zilizolala kidogo. Ukilazimisha herufi nzito, programu itaipaka unene wa bandia.

Serifu finyu isitumike kwa aya ndefu wala lebo ya dawa, kwa kuwa vile vistari vyembamba hupotea herufi zikiwa ndogo. Kibao cha matatu pia hapana: abiria wa Thika Road anahitaji kusoma njia gari likiwa bado mbali, na herufi nene zisizo na serifu humfaa zaidi. Kwenye kadi ya harusi, majina ya maarusi yaandikwe kwa serifu finyu bila wasiwasi. Maelekezo ya kufika Karen na nambari ya M-Pesa ya michango yawekwe kwa fonti ya kawaida, maana shangazi atayasoma kwenye simu.