Mlima Haufukuzi Watu: Dhana Potofu Kuhusu Makazi

"Watu hukaa tambarare, milima huwashinda." Wengi tulikaririshwa hivyo darasani. Kwenye nchi za baridi kauli hiyo ina mashiko, maana kule ukipanda unakutana na theluji mapema. Huku karibu na ikweta mambo ni kinyume. Toka Moshi mjini upande Mlima Kilimanjaro kuelekea Marangu au Kibosho: kadiri unavyopanda, ndivyo nyumba zinavyosogeleana. Udongo ni wa volkano, mifongo, yaani mifereji ya jadi ya Wachaga, inateremsha maji kutoka msituni, na malaria hupungua kadiri ya mwinuko. Ndani ya kihamba, yaani shamba la familia linalozunguka nyumba, utakuta migomba, kahawa kivulini, magimbi kando ya mfereji, na ng'ombe zizini wa kutoa mbolea. Shida ya Uchagani ni kwamba watoto wanaongezeka na kihamba ni kile kile.

Hata hivyo, si kila upande wa Kilimanjaro una neema hiyo. Pepo za Bahari ya Hindi humwaga mvua zaidi kusini; kaskazini ni kukavu na watu ni wachache. Anayesema "mlimani kuna rutuba" aulizwe kwanza ni upande gani.

Dhana ya pili: penye watu wachache, ardhi haifai. Chukua mapori ya Tabora na Katavi. Udongo wa misitu hiyo ya miombo si mnono, hilo nakubali, lakini kilichowaweka watu mbali zaidi ni mbung'o, inzi anayeleta malale kwa binadamu na ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe. Miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, ilifyeka mifugo Afrika Mashariki. Palipokosa ng'ombe wa kula majani na watu wa kufyeka, vichaka vilirudi, na mbung'o wakafuata. Kwa hiyo baadhi ya mapori tunayoyaona ya asili yaliwahi kuwa malisho.

Halafu kuna lile neno la dharau: wakaa mabondeni hawana akili. Mrufiji, mkazi wa bonde la Mto Rufiji, anajua mto utafurika, anausubiri. Maji yakishuka yanaacha tope lenye rutuba, naye anapanda mlau, mazao ya baada ya mafuriko, humo humo. Shambani hujenga dungu, kibanda cha juu ya nguzo, alinde mazao na asilowe. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamishia watu vijiji vya mwinukoni, na mashamba yakawa mbali nao. Jangwani, bonde la mafuriko la Dar es Salaam, ni habari nyingine: pale kilichovuta watu ni ukaribu wa mjini, si tope.

Na wapo wanaodhani jiografia ndiyo inayoamua yote. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 kwa kuwa katikati ya nchi, si kwa mvua zake. Wizara zimehamia, ukame upo pale pale, na mji bado unategemea sana visima vya Makutupora.