Mmweko wa leza hupimwaje, ilhali hakuna saa ya kuuwahi?

Juzi kwenye feri ya Likoni mpwa wangu alimpiga picha kunguru aliyenyakua mkate wa abiria. Mkate umetoka vizuri. Kunguru ni doa jeusi. "Mjomba, huyu kaishinda kamera." Naam. Ukitaka kunasa kitu, kamera ifumbue na kufumba upesi kuliko kitu chenyewe.

Sasa kuna leza zinazotoa mimweko ya femtosekunde. Sekunde igawe vipande milioni, kisha kila kipande ukigawe mara bilioni: hiyo ndiyo femtosekunde 1. Katika femtosekunde 100 nuru huenda mikromita 30 tu, pungufu ya unene wa unywele. Kwa mimweko hiyo Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri, alizitazama molekuli zikivunjika, akapata Nobel ya Kemia mwaka 1999. Lakini mmweko wenyewe utaupima kwa nini, na vifaa vya umeme vyote ni vizito mbele yake?

Utaupima kwa huo huo. Unagawanywa kuwa pacha wawili, mmoja acheleweshwe kwa kusogeza kioo. Kioo kikirudi nyuma mikromita 1, safari inaongezeka 2, na pacha anachelewa femtosekunde 6.7 hivi. Kisha wanakutanishwa ndani ya fuwele. Wakikosana, kimya. Wakiingiliana, katikati yao huzuka nuru ya buluu. Fundi anasogeza kioo polepole, buluu inazuka, inakolea, inafifia, naye anakadiria urefu.

Urefu tu, si umbo. Feri mbili zikipishana kivukoni, muda wa kuwa ubavu kwa ubavu utakuonyesha urefu wao. Mbele ni wapi? Feri ya Likoni mbele na nyuma ni mamoja, na kipimo hiki huuona kila mmweko hivyo hivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchini Marekani, Rick Trebino na Daniel Kane walikuja na dawa: nuru itokayo pacha wanapokutana ichambuliwe rangi zake kwa kila hatua ya ucheleweshaji. Kompyuta hubuni umbo la mmweko, hulilinganisha na picha ya rangi, hurekebisha, hurudia mpaka viwiane. Njia hiyo inaitwa FROG, chura kwa Kiingereza (wanasayansi nao wana mizaha yao).

Hata chura huyu, akitumia fuwele ile ya kuzusha buluu, bado huchanganya mbele na nyuma. Basi fundi huweka njiani kigae cha kioo kinachopitisha nuru, akapima tena. Ndani ya kigae hicho, rangi za upande wa buluu huchelewa kuliko nyekundu. Kwa jinsi mmweko unavyobadilika, anajua upande upi ulitangulia.