Waya za geji za ziada ndani ya gari: dhana potofu na ukweli

Geji mpya, kama ya presha ya oili au ya joto la injini, ikisoma ovyo, wengi huilaumu geji yenyewe. Kabla ya kuirudisha dukani, kagua waya zake: zimechukua umeme wapi, zimefungwa athi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia bodi) wapi, na zimepita njia gani.

Dhana: Geji inakula umeme kidogo, kwa hiyo haihitaji fyuzi.
Ni kweli inakula kidogo; geji nyingi za umeme hazifiki ampea 1. Lakini kazi ya fyuzi ni kulinda waya. Waya mwembamba uliotoka moja kwa moja kwenye betri ukichubuka na kugusa bodi, betri inaweza kusukuma mamia ya ampea, na ganda la waya likawaka nyuma ya dashibodi kabla hujafungua boneti. Fyuzi ya ampea 2 au 3 inatosha kwa geji ya kawaida. Iwekwe karibu na chanzo cha umeme, kwa sababu kipande chote cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi.

Dhana: Waya wowote wenye moto (umeme) unafaa.
Laini ya ACC, ile inayolisha redio, hukatika stata inapozunguka. Geji huzimika na kuanza upya wakati uleule unaotaka kuona presha ya oili ikipanda. Tafuta laini ya ON kwa multimita: swichi ikiwa OFF isome 0, ikiwa ON isome volti 12 hivi, na isipotee wakati wa kupiga stata. Ukitumia adapta ya fyuzi mbili kwenye boksi la fyuzi, chomoa kwanza fyuzi ya zamani upime ni tundu lipi lenye moto. Mguu wa adapta unaolisha fyuzi zote mbili ndio uingie hapo. Epuka vibanio vinavyotoboa ganda la waya, kwani hukata nyuzi na kuruhusu kutu. Waya zilizovikwa ganda la njano kwa kawaida ni za mifuko ya hewa. Usiziguse, hata kwa kupima.

Dhana: Skrubu yoyote ya dashibodi ni athi.
Nyingi zimekaa kwenye plastiki au chuma chenye rangi. Kwangua rangi, funga kwa boliti kwenye bodi, kisha pima kati ya hapo na hasi ya betri huku geji na taa zikiwaka: isizidi volti 0.1.

Sensa ya waya mmoja ina mtego wake. Athi yake hupita kwenye nyuzi za skrubu ya sensa zilizoingia kwenye injini, na ukizizungushia tepu ya teflon kwa wingi, ukinzani unaongezeka. Sensa nyingi za joto hupunguza ukinzani kadiri injini inavyopata joto, hivyo geji itaonyesha injini ya baridi kuliko ilivyo. Kosa hilo linaweza kuunguza gasketi ya silinda hedi huku mshale umetulia.

Dhana: Tundu ni tundu, waya upite tu.
Ukingo wa bati linalotenganisha injini na kabini ni kisu, na gari hutetemeka kila siku. Pitia kwenye raba ya kiwandani, au utoboe na uweke raba mpya. Upande wa injini, acha waya ulegee chini kidogo ya tundu ili maji yadondoke yasiingie ndani, na uache nafasi ya kucheza maana injini huyumba kwenye maunti zake. Kaa mbali na ekzosi. Waya zako zikikutana na za plagi, zipishane kwa pembe mraba. Chini ya usukani, funga kila kitu juu, mbali na pedali.

Dhana: Nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele ni njia rahisi.
Magari mengi yana mfuko wa hewa wa pazia hapo. Kata hasi ya betri, subiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha pitisha waya nyuma ya mfuko, kamwe si mbele yake.

Dhana: Geji ya mrija ni sahihi zaidi.
Geji hii huletewa oili yenyewe kwa mrija hadi kwenye dashibodi. Mrija ukipasuka, oili ya moto inakurukia miguuni. Petroli ndiyo kabisa isiingie kabini. Tumia sensa ya umeme.