Kimbunga cha Mediterania kinaanzia wapi hasa?

Wape wataalamu wawili ramani ileile ya Bahari ya Mediterania wakuonyeshe kimbunga kilipoanzia, na usishangae kila mtu akaweka kidole sehemu yake. Mmoja anaangalia mgandamizo mdogo wa hewa usawa wa bahari, mwingine anatafuta upepo unaojizungusha kama mita 1500 hivi kwenda juu, na wote wana hoja. Tena bahari yenyewe imebanwa na milima, Alps huku, Atlas kule, vigandamizo vidogo vinazaliwa kila kona, vingine ni joto la Sahara tu vinakufa bila kumsumbua mtu, ila kompyuta haijui hilo mpaka uiambie.

Ndo maana sisi tunaofuatilia njia za vimbunga tuliipenda sana kazi ya MedCyclones, mradi wa Ulaya ulioanza 2020. Walichukua mbinu 10 tofauti za kompyuta za kusaka vimbunga, zote wakazilisha data moja ya ERA5, yaani kumbukumbu za hali ya hewa ya dunia zilizojengwa upya kwa kompyuta, ya 1979 hadi 2020, halafu wakaangalia zinakubaliana wapi. Kimbunga kilichoonwa na mbinu nyingi kinapewa uhakika mkubwa, kilichoonwa na chache kinabaki na alama ya shaka. Hakuna mbinu iliyotangazwa bingwa, na hapo ndo walinikosha.

Sasa njoo kwenye utabiri. Kimbunga Ianos, Septemba 2020, kilianzia baharini kaskazini mwa Libya kikaenda kupiga Ugiriki magharibi, na pale mwanzoni kabisa modeli, yaani programu za kompyuta za kutabiri hali ya hewa, zilikipata vibaya. Baadaye watafiti wakakirudia kwa modeli 5 zilizopangwa kwa namna 10, kisha wakapunguza ukubwa wa vijisanduku ambavyo modeli inaigawa anga kutoka kilomita 10 hadi 2. Kwa kilomita 10 mawingu ya radi hayaonekani, yanakadiriwa tu kwa fomula, kwa 2 modeli inayajenga yenyewe, na joto yanalolimwaga huko juu ndilo linalokiamsha kimbunga. Njia ikawa bora, nguvu nayo ikawa bora.

Kuhusu zile medikeni, yaani vimbunga vya Mediterania vinavyofanana na vya kitropiki, siku hizi kuna maelezo ya pamoja: kiini chenye joto mpaka juu sana, kitu kama jicho katikati, mawingu yaliyojisokota, upepo mkali kabisa ukiwa makumi machache tu ya kilomita kutoka katikati. Sawa, kwa utafiti ni muhimu, ila kwa tahadhari kwa wananchi mimi jina silijali kabisa. Kimbunga Daniel, Septemba 2023, kilizamisha Thessaly huko Ugiriki kabla hata hakijapata sura hiyo, siku chache baadaye mvua yake ikapasua mabwawa mawili juu ya mji wa Derna huko Libya, maelfu wakafa. Anayesubiri jicho litokee kwenye setilaiti ndo atoe onyo amechelewa zamani.