Nani anakausha Ruaha? Jibu la mtu wa mabanio

Kila mwaka ikikaribia Septemba simu yangu huita. Mara nyingi ni mwandishi wa habari, na swali ni lile lile: "Injinia, nani anakausha Mto Ruaha Mkuu?" Anataka nimtajie mtu. Mkulima wa mpunga wa Mbarali, au mfugaji mwenye ng'ombe wengi, basi habari yake iwe imekamilika. Nikimwambia kwamba sehemu kubwa ya lawama naiona kwenye saruji tuliyomwaga sisi wataalamu kwenye mabanio, yaani vizuizi vya kuingiza maji ya mto kwenye mifereji, hucheka kidogo na kuuliza kama kuna mtu mwingine anayeweza kumpigia.

Mito ya Usangu, tambarare ya kusini-magharibi mwa Tanzania, yaani Mbarali, Kimani, Chimala na mingine, hushuka kutoka milimani, ikapita kwenye mashamba ya tambarare, kisha ikamwagika kwenye kinamasi cha Ihefu. Ihefu ni kama beseni lenye mdomo wa jiwe. Mdomo huo uko Ng'iriama. Maji yakiwa juu ya jiwe, Ruaha Mkuu unaendelea kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, na hatimaye Mto Rufiji. Yakishuka chini ya jiwe, hakuna kinachotoka hata kama kinamasi chenyewe bado kina maji.

Na jua la Usangu linakunywa sana. Ili kiangazi yapite maji kidogo tu pale Ng'iriama, hata yasiyofika mita moja ya ujazo kwa sekunde, hesabu zinaonyesha kwamba huku juu lazima ziingie kama mita 7 za ujazo kwa sekunde. Kwa hiyo mtu akifunga mfereji mmoja leo asitegemee kuona viboko wanafurahi kesho. Mwaka 1993 ndipo mto ulipoonekana kukatika ndani ya hifadhi, na tangu hapo kiangazi cha mchanga mtupu kimekuwa desturi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza kwamba ifikapo 2010 mto ungetiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 mifugo iliondolewa Usangu, na 2008 eneo la Ihefu likaingizwa kwenye hifadhi. Hiyo 2010 ilifika, ikapita, na mchanga ukabaki.

Sasa nirudi kwenye saruji. Banio la zamani lilikuwa la vigingi, fito, mawe, nyasi na udongo. Lilivuja. Wataalamu tuliliandika kwenye ripoti zetu kuwa "duni" kwa sababu hiyo hiyo, bila kujiuliza yale yanayovuja yanamfikia nani. Yalikuwa yanamfikia mtu wa banio la chini, naye lake lilivuja, na hivyo hivyo hadi kinamasini. Masika mafuriko yalilibeba lote, na watu wakarudi kulijenga upya kwa jembe na panga. Ni kazi ya kuchosha, sitaki kuipamba. Lakini aliyekuja kufunga banio alikuwa na sauti kwenye zamu.

Tukaleta ukuta wa saruji kukatiza mto, na geti la chuma pembeni. Masika ni mzuri kweli: maji yanaingia mferejini kwa utaratibu na hakuna wa kukesha. Tatizo ni Oktoba. Mto ukishakuwa mwembamba, ukuta ule ule unauzuia wote, na geti likiwa wazi kila tone linaelekea mferejini. Wa chini anabaki kutazama mchanga. Tulisanifu kwa maji ya Machi tukawakabidhi watu wayatumie Oktoba.

Vibali vya kutumia maji navyo vimefuata mkondo huo. Kibali hutaja kiasi cha maji, lita kadhaa kwa sekunde, na mwenye nacho hulipia kila mwaka. Tuseme mto una mabanio mawili, kila moja na kibali cha lita 200, na kiangazi mto wenyewe una lita 150. Wa juu akichukua zote hajavuka kibali chake, na bado anadai 50 zake! Niliwahi kumwambia mzee mmoja afunge geti kidogo. Akaingia ndani, akatoka na risiti ameiweka kwenye mfuko wa nailoni. "Bwana maji, mimi nimenunua," akaniambia. Sikuwa na la kumjibu.

Ndiyo maana naamini maji ya kiangazi yagawanywe kwa mafungu au kwa zamu. Kupima kwa lita kuachiwe masika. Fungu linasema: chochote kitakachokuja leo, theluthi inapita. Zamu inasema: siku hizi za juu, siku hizi za chini. Mto ukipungua, wote wanapungukiwa pamoja, na hata mtoto anaweza kukagua bila kifaa cha kupimia.

Hili sikulijua darasani. Kuna mchezo uliobuniwa Usangu na watafiti, ubao mrefu ulioinamishwa kama bonde, gololi zikiwa ndiyo maji. Wachezaji wanapanga vijiti kuwa mabanio na kuvuta gololi kwenye vishimo, yaani majaruba. Siku moja mama mmoja wa kijiji cha chini, aliyekuja mkutanoni akiwa na hasira za miaka, tulimweka juu. Alipanga vijiti vyake kwa ustadi, akazoa gololi zote. Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti wa skimu ya juu, aliyekuwa amewekwa chini siku hiyo, hakucheka. Baada ya chai wale wawili ndio walioanza kuulizana ni siku ngapi zinamtosha mtu kuloweshea kitalu.

Jambo jingine ambalo takwimu za umwagiliaji hulificha: maji mengi yanayoingia mifereji mikubwa kiangazi hayamwagilii kitu. Mpunga umeshavunwa. Mfereji unaachwa wazi kwa sababu kuna watu kilomita kadhaa huko ndani wanachota ndoo za kupikia, wananyweshea ng'ombe na kufyatua matofali. Ili ndoo zile zifike, ardhi inakunywa kwanza. Chimba visima vijijini, weka pampu inayotengenezeka na fundi wa hapo hapo, halafu ndipo uombe geti lifungwe. Kuja na askari kabla ya kisima ni kumwambia mama mwenye watoto afunge bomba lake la pekee.

Mtera, ambayo watu huitaja kila umeme ukikatika, nitaigusa tu: bwawa hujaa kwa maji ya masika. Vijito vya Oktoba ninavyovigombania ni vya samaki, viboko na watu wa chini. Kwangu hiyo inatosha kuwa sababu.

Mara ya mwisho nilipopita kwenye banio moja dogo, nilikuta kipande cha ukuta kimemegwa, upana wa kama viganja viwili, kingo zimesuguliwa laini. Maji yalikuwa yanapita hapo kwenda chini. Nilimuuliza kijana wa zamu kama ukuta umeharibika. "Hapana, shikamoo. Tumemega wenyewe," akasema, "wa chini walileta nyundo."