Amenikaba shingo lakini sina alama: maswali na majibu

Ukatili wa nyumbani ni nini?

Ni mwenza au mtu wa nyumbani kukuumiza, kukutisha au kukutawala. Kipigo ni sehemu tu. Kukupekua simu, kukunyima fedha za matumizi, kukulazimisha tendo la ndoa, kukutenga na ndugu zako, vyote ni ukatili.

Amenikaba shingo, lakini sina alama. Kuna haja ya kwenda hospitali?

Ndiyo, leo hii. Wengi wanaokabwa hawabaki hata na mchubuko. Anayekabwa anaweza kuzimia ndani ya sekunde 10 hivi, na mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo unaweza kuchanika kwa ndani, ngozi isionyeshe chochote. Damu ikiganda hapo, kiharusi huweza kuja siku kadhaa baadaye. Sisi wahudumu wa afya tunawaona: mtandio shingoni, sauti inakwaruza, mate yanamezwa kwa shida, na ukiuliza unaambiwa ni mafua.

Lakini sasa napumua vizuri.

Nenda. Sauti kubadilika, vidoti vyekundu machoni, kichwa kuuma, kujikojolea wakati wa kukabwa, kutokumbuka kilichotokea: hizo ni dalili za hatari. Mjamzito asingoje dalili yoyote. Na tafadhali, kukanda kwa maji ya moto si tiba ya mshipa uliochanika.

Ameomba msamaha, na wazee wanataka tukae kikao kwanza.

Kikao hakipimi mishipa ya damu. Hospitali kwanza! Utafiti uliofanywa Marekani ulionyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza yuko kwenye hatari ya kuuawa naye takribani mara 7 zaidi. Msiniambie zilikuwa hasira tu.

Nikifika niseme nini?

Sema "nimekabwa". Ukisema umeanguka bafuni, tutatafuta mfupa uliovunjika na shingo haitaangaliwa. Omba uonwe peke yako, hata kama yeye ndiye aliyekuleta. Kama ulilazimishwa tendo la ndoa, dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ina thamani. Za kuzuia mimba ni ndani ya siku 5. Ukitaka, uliza pia kuhusu ustawi wa jamii, polisi au nyumba salama.

Ni mdogo wangu. Nimsaidieje?

Mwamini, mpeleke. Usimpigie shemeji kuuliza kulikoni. Mtunzie kwako vitambulisho, nguo na akiba kidogo, na akirudi kwa mume usimsuse, atakuhitaji tena.